Kufunga na kurekebisha kiungio cha kugawa uzito kwa trela la safari: mwongozo kamili

Trela la safari linapounganishwa na pikapu, jambo la kwanza kuonekana ni mkia wa gari kushuka na pua yake kuinuka. Watu wengi huutazama huo mkia wakadhani kwamba kazi ya kiungio cha kugawa uzito ni kuuinua tu mpaka gari lionekane limenyooka. Kazi yake hasa iko mbele: ni kurudisha juu ya magurudumu ya usukani uzito ulioondolewa na shingo ya trela (fremu ya mbele inayoungana na gari), kwa sababu magurudumu hayo ndiyo yanayoshika njia kwenye kona na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi pale unapokanyaga breki. Hatua zote zinazofuata zinapimwa kwa kigezo hicho, na anayekizingatia tangu mwanzo hujiepusha na kukaza na kulegeza ovyo.

Viungio vinavyozungumzwa hapa ni vile vilivyoenea Marekani na Kanada, vyenye nondo mbili za springi zinazoshikwa kwa minyororo kwenye chasisi ya trela. Ndugu zetu wengi wanaoishi huko hununua trela la mitumba likiwa na kiungio chake, na kiungio hicho kilifungwa kwa kufuata gari la mwenye trela wa zamani. Usikitumie kabla hujakifungua na kukipanga upya kwa gari lako. Kwa aliyezoea karavani za Ulaya, ajue kwamba kule shingo ya karavani huwekewa uzito mdogo sana kuliko Marekani na Kanada, kwa hiyo hesabu hizi zisihamishiwe kule.

Uzito unakwenda wapi

Tuchukue mfano. Pikapu ina mita 3.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na mita 1.5 kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye tufe la kuvutia (mpira wa chuma unaoshikwa na trela). Trela likiwa limepakiwa lina kilo 3,000, na shingo yake inakandamiza tufe kwa kilo 375. Kwa kuwa tufe liko nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inageuka kuwa egemeo: ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 152 hivi, na ya nyuma inaongezewa si zile 375 peke yake bali kilo 527. Gari lililokuwa limetulia sasa lina usukani mwepesi, taa zinazomulika juu, na tairi za nyuma zinazobeba kuliko zilivyozoea.

Nondo za springi hufanya kazi kama mtu anayeinua mikono ya toroli: anapoinua nyuma, uzito unakimbilia kwenye gurudumu la mbele. Nondo zikivutwa juu kwa minyororo, zinapinda, na ule mpindo unakisukuma kichwa cha kiungio, yaani sehemu inayobeba tufe na nondo, ili kizungushe pikapu kuelekea mbele na kuzungusha trela kuelekea magurudumu yake. Katika mfano wetu, nondo zikikazwa kiasi cha kurudisha nusu ya uzito uliopotea mbele, ekseli ya mbele inapata kilo 76, ekseli za trela zinaongezewa kilo 41 hivi, na ekseli ya nyuma ya pikapu inapunguziwa kilo 117. Uzito wa jumla haujapungua hata kilo moja. Ndiyo maana kiungio hiki hakiwezi kulifanya gari dogo livute trela ambalo halikuundwa kulivuta, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo hakutakii mema.

Kabla ya kushika spana

Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilicho kwenye fremu yake. Herufi GVWR zinaonyesha uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kilichomo, na GAWR zinaonyesha kikomo cha kila ekseli. Kibandiko cha pili, chenye maelezo ya tairi, kinataja uzito wa abiria na mizigo usiopaswa kuzidishwa, na uzito wa shingo ya trela unahesabiwa humo pamoja na watoto, majiko, mbwa na kiungio chenyewe. Hapa ndipo pikapu nyingi hushindwa, muda mrefu kabla ya kufikia kile kiwango cha kuvuta kinachotangazwa kwenye matangazo ya biashara.

Kisha piga magoti nyuma ya gari usome kibandiko cha soketi ya kupokelea kiungio. Mara nyingi kina mistari miwili: mmoja wa kuvuta bila kugawa uzito na mwingine wa kuvuta kwa kugawa uzito. Soketi nyingi za pikapu za kawaida huandikwa pauni 5,000 kwa shingo ya pauni 500 bila kiungio hiki, na takriban mara mbili ya hapo zikiwa nacho. Soma pia kitabu cha gari. Yapo magari yanayokataza kabisa viungio vya aina hii, na yenye saspensheni ya hewa huwa na utaratibu wake wa kuizima au kuiacha wakati wa kupima.

Uzito wa shingo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela lililopakiwa. Ukiwa chini ya hapo trela huanza kuyumba barabarani, na hakuna nondo itakayolitibu kuyumba huko. Dawa ni kuhamishia mizigo mbele. Angalia sana tangi la maji, kwa kuwa kila lita ni kilo moja. Tangi la lita 150 lililo nyuma ya ekseli za trela linapunguza uzito wa shingo likijazwa, na lililo mbele linauongeza, kwa hiyo amua mapema kama utasafiri na maji au bila maji, halafu upime katika hali hiyo hiyo.

Unaweza kupima shingo nyumbani kwa mizani ya bafuni. Weka ubao mgumu, ncha moja juu ya tofali na nyingine juu ya mizani, vyote vikiwa na kimo kimoja, na kati ya egemeo hizo mbili kuwe na sentimita 90. Rudisha mizani kwenye sifuri ubao ukiwa juu yake. Simamisha kipande cha gogo chini ya kikombe cha trela (ncha ya shingo inayofunika tufe), kikanyage ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali, halafu shusha jeki taratibu mpaka shingo yote ikae juu ya gogo. Zidisha kwa tatu namba unayoisoma. Trela liwe limelala sawa, magurudumu yametiwa kabari mbele na nyuma, na mtu asipitishe mguu chini ya shingo.

Nondo huchaguliwa kwa uzito huo wa shingo ukijumlishwa na mizigo iliyo kwenye pikapu nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa sababu nayo inaushusha mkia vilevile. Nondo dhaifu hazitarudisha uzito wa kutosha hata ukizikaza mpaka mwisho. Nondo ngumu kupita kiasi nazo zina madhara: hazipindi kwenye matuta, na kila kishindo kinaingia moja kwa moja kwenye chasisi ya trela na kwenye soketi ya gari.

Kuandaa gari, trela na tufe

Tafuta mahali palipo sawa na pagumu, kama sakafu ya zege au lami isiyo na mteremko. Pikapu iwe na mafuta ya safari, upepo wa tairi kama kibandiko kinavyosema, na mizigo yake yote. Familia ikae ndani wakati wa kupima, au uweke kitu chenye uzito sawa na wao. Trela nalo liwe na mitungi ya gesi, vyombo na matandiko yake. Ukipanga kiungio kwa trela tupu utakuwa umekipangia safari usiyoifanya.

Soma ukubwa wa tufe uliogongwa kwenye kikombe cha trela. Matrela mengi ya safari hutumia tufe la inchi 2 na 5/16, yaani milimita 58.7 hivi. Hatari mbaya iko hapa: tufe la inchi 2 likiingizwa kwenye kikombe hicho, komeo linaweza kufunga na kila kitu kikaonekana salama, halafu kikombe kikachomoka kwenye tuta la kwanza. Nati ya tufe nayo isikazwe kwa kukisia. Tufe lenye shina nene la inchi 1¼ kwa kawaida linadai nguvu ya karibu niutoni mita 600, ambayo spana nyingi za nyumbani hazifiki, kwa hiyo lipeleke gereji yenye spana kubwa ya kupimia nguvu kisha uendelee na kazi nyingine.

Kimo cha tufe na mwinamo wa kichwa

Lisawazishe trela kwa jeki, ukiweka pimamaji juu ya chasisi na si juu ya sakafu ya ndani, kisha pima kutoka ardhini hadi sehemu ya juu ya tundu la kikombe. Hicho ndicho kimo cha kuanzia. Ingiza shina la kiungio kwenye soketi ya gari, tia pini na klipu yake, halafu panga kichwa kwenye matundu ya shina ili ncha ya juu ya tufe iwe sawa na kimo hicho au juu yake kwa milimita 12 hadi 25, kwa sababu gari litashuka kidogo likishabebeshwa. Matundu yakikulazimisha kuchagua kati ya juu kidogo na chini kidogo, jaribu yote mawili ukiwa umeunganisha. Trela likae sawa au liinamishe pua kidogo sana, wala lisiinue pua.

Kichwa chenyewe huinamishwa kuelekea trela kwa washa zinazopangwa kwenye pini ndani yake, au kwa meno katika viungio vingine. Kinavyozidi kuinama, ndivyo ncha za nondo zinavyoshuka, na ndivyo zinavyopinda zaidi pale minyororo inapoziinua. Anza na idadi ya washa iliyopendekezwa na mtengenezaji. Kaza bolti kiasi cha kushika tu. Utazikaza kwa nguvu kamili mwinamo ukishakubalika.

Vipimo vitatu vya madigadi

Kabla ya kuunganisha, pima kwa futi ya chuma kutoka ardhini, ukipita katikati ya gurudumu la mbele, hadi kwenye ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kulia na kushoto, na uandike. Pima na ya nyuma pia, ingawa ya mbele ndiyo itakayoamua. Bandika kipande cha selotepu pale unapogusisha futi, maana ukihama sentimita mbili pembeni unapata namba nyingine. Tuseme mbele ni milimita 940.

Sasa paka tufe grisi kidogo, rudisha gari nyuma, shusha kikombe, funga komeo na utie pini yake. Hakikisha kwa kuinua shingo kwa jeki: kama kikombe kimeshika, mkia wa pikapu utapanda pamoja nacho. Pitisha minyororo ya usalama chini ya shingo ikiwa imepishana, ili shingo ikianguka iangukie juu yake. Waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye gari mahali pake peke yake, usitundikwe kwenye ile minyororo. Chomeka plagi ya umeme. Kunja jeki yote juu bila kuweka nondo, na pima tena. Tuseme mbele imepanda hadi milimita 964, yaani gari limeinuka pua kwa milimita 24.

Kipimo unacholenga kinatoka kwenye kitabu cha gari. Zamani ilikuwa desturi kurudisha mbele yote iwe 940 kama mwanzo, lakini vitabu vya pikapu nyingi za siku hizi vinataka irudi nusu tu, na katika mfano wetu hiyo ni milimita 952. Vingine vinataka zaidi. Fuata kitabu cha gari lako, si cha jirani, na kisipotaja kitu, kurudi kati ya nusu na yote ni mahali pa busara pa kuanzia. Kamwe usivuke kipimo cha mwanzo. Mbele ikishuka chini ya 940 maana yake umeipunguzia ekseli ya nyuma uzito kuliko inavyopaswa, na mkia mwepesi huteleza kwenye kona yenye mvua trela likiwa linausukuma.

Kuweka nondo

Inua kwa jeki kikombe na mkia wa gari vikiwa vimeungana, sentimita nane hadi kumi, ili nondo zisipambane na uzito wote unapozifunga. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na wenye haraka, na ndiyo inayowavunja watu mikono. Ingiza ncha za nondo kwenye kichwa, zizungushe hadi sambamba na shingo ya trela, kisha tundika pete ya mnyororo kwenye kishikio. Vishikio vyenyewe viwe vimefungwa kwenye chasisi mkabala na ncha za nondo ili minyororo isimame wima. Kuna watengenezaji wanaotaka pete zinazobaki kati ya nondo na kishikio zisipungue tano, ili mnyororo uwe na nafasi ya kucheza gari linapokata kona.

Geuza kishikio juu kwa bomba lililokuja na kiungio. Simama pembeni ya njia ya bomba, uso ukiwa mbali, na lishike mpaka utie pini ya usalama. Nondo iliyopinda ina nguvu ya kulirusha bomba hilo likavunja taya, na watoto wasikaribie kabisa. Ukiona kishikio kinataka uzito wako wote, usikilazimishe: pandisha jeki zaidi. Pande zote mbili ziwe na idadi moja ya pete. Shusha jeki, sogeza gari mita chache mbele likiwa limenyooka ili viungo vitulie, halafu pima madigadi kwa mara ya tatu.

Kusoma na kurekebisha

Kama mbele ni milimita 958 na unataka 952, nondo hazijabana vya kutosha. Una njia mbili: kupunguza pete moja kwenye mnyororo au kuongeza washa moja ili kichwa kiiname zaidi. Angalia nondo zenyewe zikuambie. Zikiwa zimelala sambamba na chasisi ya trela au karibu na hapo, una uhuru wa kutumia ama pete ama washa. Zikiwa tayari zimeinua ncha zake kuelekea chasisi, usipunguze pete, ongeza washa, la sivyo nondo zitagusa chasisi kwenye matuta na minyororo itakuwa mifupi kupita kiasi. Zikiwa zimening'inia sana kuelekea ardhini, fanya kinyume: usiongeze washa, punguza pete. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, pima, andika. Ukibadilisha pete na washa kwa pamoja hutajua kipi kilileta nini.

Kila ukibadilisha mwinamo wa kichwa, angalia tena kimo cha tufe na ulalo wa trela, kwani vyote vinashikana. Trela lenye ekseli mbili likiinua pua, ekseli ya nyuma inabebeshwa kuliko ya mbele, na tairi zake huchemka. Ukisharidhika, kaza bolti zote za kichwa kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, ukitumia spana ya kupimia.

Mizani ndiyo hakimu

Futi ya chuma inakuonyesha mwelekeo, lakini springi za magari hazifanani, na ni mizani pekee inayotaja kilo. Kwenye vituo vya malori kandokando ya barabara kuu za Marekani na Kanada kuna mizani za CAT Scale, kampuni iliyoanza mwaka 1977 na yenye makao yake Walcott, Iowa. Jukwaa lake limegawanyika, kwa hiyo unasimamisha ekseli ya mbele kwenye kipande cha kwanza, ya nyuma kwenye cha pili, na magurudumu ya trela kwenye cha tatu, nawe unapata namba tatu kwa mara moja. Pima mara tatu: nondo zikiwa zimefungwa, nondo zikiwa zimefunguliwa bila kuachanisha trela, na mwisho pikapu peke yake. Kurudia siku hiyohiyo hutozwa bei ndogo kuliko mara ya kwanza.

Namba zao ni za pauni. Hapa nimezigeuza kuwa kilo kwa mfano wetu. Pikapu peke yake: mbele 1,480, nyuma 1,240. Nondo zimefunguliwa: mbele 1,328, nyuma 1,767, trela 2,625. Nondo zimefungwa: mbele 1,404, nyuma 1,650, trela 2,666. Toa 1,328 kwenye 1,480 upate kilo 152 zilizopotea, toa 1,328 kwenye 1,404 upate 76 zilizorudi: nusu kamili. Uzito wa shingo unaupata kwa kutoa jumla ya pikapu peke yake, 2,720, kwenye jumla ya ekseli zake mbili nondo zikiwa zimefunguliwa, 3,095: ni kilo 375. Kisha linganisha 1,650 na kikomo cha ekseli ya nyuma kwenye kibandiko cha mlango, na jumla ya 1,404 na 1,650 na GVWR. Vikomo vikizidishwa, hakuna pete wala washa ya kukuokoa. Punguza mizigo au tafuta trela dogo.

Barabarani

Rekebisha kidhibiti cha breki za trela mahali pakavu na wazi, ukienda polepole, mpaka trela lipunguze mwendo bila kuburuta tairi na bila kulisukuma gari. Kiungio chako kikiwa na fimbo ya msuguano ya kuzuia kuyumba, iondoe kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, na ilegeze kabisa kwenye barafu au matope. Usipake grisi sehemu zake za msuguano. Grisi ni ya tufe na ya matundu ya nondo kichwani.

Ukikuta kuingia kituo cha mafuta au kambini kuna mfereji mkali, au mwinuko unaokunja gari na trela kama kitabu, simama kwanza ufungue nondo, uvuke taratibu, kisha uzifunge tena. Katika mkunjo huo nondo zinaweza kupindwa kupita uwezo wake zikararua kishikio.

Baada ya kilomita chache za mwanzo simama uguse bolti za vishikio na za kichwa kwa spana, kwa sababu rangi mpya na kutu husagika na bolti hulegea. Andika idadi ya washa, idadi ya pete na vipimo vya madigadi kwenye karatasi uibandike ndani ya kabati la trela. Ukibadilisha gari, tairi, springi au mahali pa kuweka mizigo mizito, anza tena kwenye kipimo cha kwanza.